Kufuli la Saa Mama

Lori la buluu lilikata kona ya tisa bila kugusa breki.

Fanchiang Hui-ju aliilaza pikipiki yake hadi goti likakwaruza lami, akainuka nayo, akaongeza moto. Mvua ilimchapa usoni kama changarawe. Tangu asubuhi watu wa mji wa Hsinchu walikuwa wameambiwa wajifungie ndani. Tufani ilikuwa njiani, na barabara hii ya mlimani ilikuwa imezuiwa kwa utepe wa polisi. Lori lilipasua utepe. Yeye akapita palepale.

Saa saba na nusu mchana, na tayari giza lilikuwa kama la magharibi.

Simu iliita ndani ya helmeti.

"Nyenje," sauti ilimwita kwa jina lake la siri.

"Nakupata, mkuu."

"Umbali?"

"Mita sitini."

"Namtaka hai. Yeye ndiye anayewajua wanunuzi."

"Na malango ya bwawa?"

Mkurugenzi Kuan alijibu kwa mkato. "Malango yana watu wake. Wewe niletee Tseng."

Ofisi ya Kuan haikuwa na kibao mlangoni. Hui-ju alikuwa ameifanyia kazi miaka tisa. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na moja katika eneo la viwanda vya elektroniki, akiandika programu zile za ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, zinazoiambia bodi moyo wake upige kwa kasi gani. Miaka sita kati ya hiyo, meza ya jirani ilikuwa ya Tseng Po-hsun.

Sasa Tseng aliwaandikia wafanya magendo. Bodi zao za kuendeshea mitambo ziliingia nchini ndani ya makontena ya vigae, zikiwa na lebo safi na mihuri ya kughushi. Moja ilikuwa imefungwa tangu masika kwenye bwawa la Yunxi. Ofisi iligundua hivyo asubuhi hiyo hiyo. Kulikuwa na wanunuzi ng'ambo waliotaka kuiona ikifanya kazi mara moja, mbele ya macho yao, kabla ya kuagiza nyingine nyingi.

Tufani ndiyo ilikuwa siku ya majaribio.

Mita hamsini. Arobaini. Hui-ju alipapasa kiunoni akaishika bastola yake ya Walther.

Ndipo mlima ulipokohoa.

Alisikia kabla ya kuona. Mlio mzito, wa taratibu, kisha mawe, matope na miti mizima vikamwagika barabarani kati yake na lori. Alikanyaga breki. Pikipiki ilimponyoka, ikaenda kujipigiza kwenye mawe, naye akaburuzwa nyuma yake. Aliangukia mkono wa kushoto. Kifundo kikalia kama kijiti kikavu.

Taa nyekundu za lori zilipotelea juu.

Alikaa kwenye matope akipumua kwa meno. Simu ikaita tena. Si Kuan.

"Dada mkubwa," sauti ilisema. "Umeumia?"

Tseng alimwita hivyo tangu chuoni, yeye akiwa mwaka wa pili, Hui-ju wa nne.

"Umefanya nini kwenye bodi, Po-hsun?"

"Kidogo tu. Nimefuta mstari mmoja. Ule wako unaoupenda."

Hui-ju alijiinua matopeni kwa mkono wa kulia.

"Saa nane kamili modemu inaamka," Tseng alisema. "Nenda nyumbani ukakaange mayai. Hakuna atakayekulaumu."

Akakata.

Hakuhitaji maelezo. Ndani ya kila bodi ya namna ile kuna saa mama. Haionyeshi majira. Inapiga mapigo, milioni mia nane kwa sekunde, na kila kifaa hugawiwa mapigo yake kutoka kwake: modemu inayopokea mawasiliano bila waya, skrini, mstari unaopeleka amri kwenye malango. Mtoto mmoja akimwomba mama aongeze kasi, watoto wote wanaongezewa, wapende wasipende. Ndiyo maana, enzi za kiwandani, Hui-ju aliweka kufuli kwenye programu ya saa hiyo, ileile ambayo Tseng anaitumia sasa. Mstari wa malango unapokuwa kazini, asiwepo wa kumgusa mama.

Bila kufuli, modemu ingeamka, ingepandisha kasi, na malango yangesikia kelele mahali pa amri.

Alitazama Casio yake. Saa nane kasoro dakika kumi na nane. Kushoto kwake, zaidi ya maporomoko, kulikuwa na ngazi za mafundi zinazopanda hadi bwawani.

Alifunga mkono kwa mkanda wa begi, akaanza kupanda.

Alifika saa nane na dakika tatu.

Katika chumba cha mitambo alimkuta mwanamume mmoja, mfupi, kifua kipana, meno mekundu kwa tambuu, akibonyeza kitufe kilekile tena na tena. Watan Nomin alikuwa mlinzi wa malango kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake wawili walikuwa upande wa pili wa daraja, na daraja lilikuwa limeshakwenda na maji. Juu ya kabati la bodi kulikuwa na paketi ya kijani ya Kuai Kuai, bisi za nazi ambazo mafundi huziweka juu ya mashine ili iwe na adabu.

"Umepitia wapi?" Watan aliuliza. "Barabara imekatika."

"Nimepita juu yake." Alimwonyesha kitambulisho. "Malango?"

"Viziwi. Mpaka saa nane yalinisikia. Sasa nayaita, kimya." Alimtazama. "Mkono wako umegeuka, dada."

"Najua. Maji?"

"Sentimita hamsini na tatu yafike ukingoni. Yanapanda sentimita moja kwa dakika. Wakati mwingine mbili."

Yunxi lilikuwa bwawa la udongo. Maji yakipita juu ya udongo yanaula, na yakishaanza kuula hayaachi. Chini kulikuwa na kijiji cha Xiawan, watu mia sita, na daraja lao la kutokea lilikuwa lilelile lililochukuliwa.

"Gurudumu la mkono?"

"Lango moja, watu wanane, muda wa saa tano," Watan alisema. "Tuko wawili, na wewe ni nusu."

Hui-ju alitoa kompyuta yake ya ThinkPad, akaichomeka. Akatoa kipima-mawimbi kidogo, ukubwa wa simu, akabana ncha yake kwenye mstari wa malango. Mawimbi yalitokea kwenye kioo, membamba, yamebanana. Akahesabu.

Kasi mara moja na nusu. Bodi ilikuwa inaongea haraka kiasi kwamba malango hayakuambulia neno.

Akafungua orodha ya saa. *Mama: milioni 1,200.* Akaandika amri ya kuirudisha mia nane.

Imekataliwa. Imefungwa.

Akatazama nani ameshika kufuli. Modemu.

Alibaki ameduwaa. Tseng hakulifuta kufuli lake. Aliyanyang'anya malango kufuli hilo, akalikabidhi kwa modemu. Kufuli alilolibuni Hui-ju mwenyewe, lililopita mikono ya watu kumi waliolikagua na kulisifu, sasa lilikuwa limemfungia yeye nje.

Akazima bodi na kuiwasha upya. Sekunde tisini, ndefu kama wiki. Modemu ikaamka kwanza, ikadaka kufuli.

"Arobaini na tisa," Watan alisema.

"Ing'oe hiyo modemu," Hui-ju alisema.

"Ipo wapi?"

Ilikuwa imechomelewa kwenye bodi. Hata antena ilichorwa humohumo, ndogo kama ukucha. Hakukuwa na waya wa kukata. Watan alileta sinia la chuma akaifunika bodi nzima.

Haikusaidia kitu.

"Arobaini na sita."

Hui-ju aliegemeza paji la uso kwenye kabati. Mkono ulikuwa unampiga hadi kwenye meno. Aliwaza watu mia sita waliokaa mezani na mishumaa, wakisikiliza mvua, wakiamini kwamba huku juu kuna mtu anayejua anachofanya. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Unaongea na mashine au unasali?" Watan aliuliza.

"Vyote viwili."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Sala niachie mimi. Wewe ongea na mashine."

Hui-ju aliinua kichwa.

Po-hsun alijua kwamba Hui-ju angempigania mama. Alimfungia mama akijua hivyo. Lakini malango hayakuwa na haja na mama. Yalihitaji mgao wao tu. Mama akipiga mia nane, malango hupewa sehemu moja ya nane. Akipiga elfu moja mia mbili, wape sehemu moja ya kumi na mbili, na mapigo yatakuwa yaleyale. Kufuli lilimlinda mama. Kigawanyo, ile namba ya mgao, hakikulindwa na mtu.

Aliandika namba moja kwa moja kwenye rejista, kijisanduku cha namba ndani ya bodi, bila kukiuliza kiini, kwa kidole kimoja.

Kumi na mbili.

Kwenye kipima-mawimbi, mawimbi yalipanuka.

"Bonyeza," alisema.

Watan alibonyeza. Chini ya miguu yao kitu kikubwa kiliguna. Lango la kwanza lilianza kupanda, na maji yakapiga ukelele kule nje.

Watan alifunga macho.

Lango lilipanda robo mita. Likasimama.

*Mama: milioni 1,000.*

"Kuna nini tena?"

"Anatuona," Hui-ju alisema polepole. "Ameibadilisha kwa mkono." Aliandika kumi. Lango likaguna, likapanda kiganja, likasimama. *Milioni 1,400.* Akaandika kumi na nne.

Modemu ile ilikuwa na sauti ndogo. Mita mia tatu, si zaidi. Hui-ju alikwenda dirishani, akafuta ukungu kwa kiwiko. Juu ya bega la mlima, kwenye uwanja wa watalii wa kutazamia bwawa, lori la buluu lilikuwa limeegeshwa, mgongo wake ukiwa bondeni.

"Mzee Watan. Unajua kuandika kwenye kompyuta?"

"Mimi nimeishia darasa la sita."

"Inatosha. Hapa juu kuna namba. Toa sifuri mbili. Kinachobaki andika hapa, kisha bonyeza hiki. Ikibadilika, unabadilisha. Lango moja linataka dakika nne bila kukatizwa. Usimpe nafasi."

Watan alikaa. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za kuchoma. Aliandika, akabonyeza. Lango likaguna.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Binti yangu yuko Xiawan. Mjukuu ana siku tisa. Nilisema nikuambie ukishamaliza, lakini naona bora ujue sasa."

Hui-ju alichukua redio moja ya mkononi ukutani, akamwachia nyingine pamoja na karatasi aliyoiandika amri.

"Nimejua," alisema, akatoka.

Upepo ulimkamata mlangoni ukamtupa ukutani. Ngazi za kwenda uwanjani zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alizipanda kwa magoti na mkono mmoja, mwingine ukiwa umekufa kifuani.

"Elfu moja mia tatu," redio ilisema. "Nimeandika kumi na tatu."

"Vizuri."

"Elfu moja mia sita. Kumi na sita."

"Vizuri. Maji?"

"Thelathini na nne. Lango la kwanza limefika nusu."

Simu ilitetemeka mfukoni. Kuan. *Hai, Nyenje. Narudia, hai.* Hakujibu. Ngazi ya mia na arobaini. Ya mia na sitini. Kifua kilikuwa kinawaka. Aliteleza, akapiga kifundo kilichovunjika kwenye ngazi, dunia ikawa nyeupe, na iliporudi alikuwa amelala chali akinywa mvua.

"Dada?"

"Nipo."

"Elfu moja mia nane. Nimeandika kumi na nane. Imekataa."

Hui-ju alifumba macho.

"Dada, imekataa. Nimejaribu mara tatu."

"Kumi na nane haipo, mzee. Mwisho wa kigawanyo ni kumi na sita." Ameikumbuka ile kumi na sita, aliwaza. Yule mpumbavu ameikumbuka. "Lango limesimama?"

"Limesimama. Maji thelathini na moja. Sasa nifanye nini?"

"Kaa hapohapo. Usinyanyuke kwenye kiti."

Akajiviringisha, akapanda.

Lori lilikuwa hatua ishirini kutoka ngazini, likiyumba kwa upepo. Nyuma ya kioo uso wa Tseng uliangazwa na kompyuta iliyokuwa mapajani mwake. Hui-ju aliinua Walther, akalenga, kisha mkono ukasita. Risasi ikipotea ikapata kompyuta, mama atabaki elfu moja mia nane mpaka bwawa livunjike. Aliihitaji nzima.

Tseng alimwona. Akashusha kioo, akafyatua mara mbili. Upepo ulichukua risasi ya kwanza. Ya pili iligonga helmeti ambayo hakuwa ameivua, ikamwacha na kengele masikioni.

"Rudi chini, dada mkubwa," alipaza sauti. "Usinilazimishe."

"Kuna watu mia sita pale."

"Mvua sikuileta mimi."

"Miaka sita tulikula chakula cha mchana meza moja, Po-hsun."

"Na miaka sita jina lililoandikwa juu ya kila programu lilikuwa lako. Nani alikaa kuyasaka makosa? Mimi. Jina lako nimelifuta pia, kama hukuliona."

Hui-ju hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama ardhi. Nyuma ya magurudumu ya mbele kulikuwa na ufa, mweusi, upana wa kidole. Wakati anatazama ukawa upana wa kiganja.

"Po-hsun. Ardhi inakatika."

Tseng alicheka. "Hiyo ndiyo mbinu wanayowafundisha?"

Lori lilishuka nusu mita kwa nyuma, kwa mlio wa chuma. Kicheko kilikatika. Bastola ikamponyoka, ikaanguka nje matopeni. Pua ya lori ilikuwa inatazama mawingu sasa, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila maji yenye rangi ya chai ya maziwa.

Mlango ulikuwa umejikunja, haufunguki. Kioo tu ndicho kilikuwa wazi. Tseng alitoa mkono.

"Dada. Nivute."

Hui-ju alikimbia hadi dirishani, akaupiga teke ule mkono usimshike.

"Kompyuta kwanza."

"Nitakufa hapa."

"Kompyuta kwanza."

Walitazamana. Lori likashuka tena, kidogo. Machozi yalikuwa yanamtoka Tseng, au ilikuwa mvua. Aliipitisha kompyuta dirishani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto kwenye moto.

Hui-ju alipiga magoti, akaifunika kwa kifua chake ili mvua isiipate. Skrini ilikuwa na kisanduku kimoja tu kilichofunguliwa. Nyuma yake Tseng alikuwa anaita jina lake, si dada mkubwa tena, jina lake tupu. Aliandika mia nane. Kidole kiliteleza, kikaandika mia tisa. Akafuta. Akaandika tena.

"Mzee Watan. Soma."

"Mia nane. Inasema mia nane."

"Andika nane. Kisha kuna jambo la pili." Alikifungua kisanduku cha pili cha Tseng, akaiamuru modemu iachie kufuli. "Kwenye karatasi niliyokuachia, mstari wa mwisho. Unakili ulivyo, herufi kwa herufi. Hilo ni kufuli."

"Herufi ndogo au kubwa?"

"Ndogo zote."

Chuma kililia. Sekunde moja. Tano. Kumi. Hakugeuka.

"Nimebonyeza," Watan alisema. "Imeandika, malango yameshika."

Hui-ju aliinuka, akaruka. Pingu zilikuwa tayari mkononi. Jicho moja la pingu alilibana kwenye kifundo cha mkono wa Tseng, jingine kwenye nguzo ya chuma ya uzio, iliyokuwa imezama kwenye saruji. Lori liliondoka chini ya Tseng kama zulia linavyovutwa. Lilimvua viatu na suruali nusu. Yeye akabaki ananing'inia ukingoni kwa mkono mmoja, akipiga mayowe, bega limetoka mahali pake.

Lakini alikuwa hai.

Hui-ju alikaa kwenye matope, mgongo kwenye nguzo, akamvuta kwa kola taratibu hadi tumbo lake likapanda kwenye saruji. Kisha akaacha. Hakuwa na nguvu nyingine.

"Ungeniacha," Tseng alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mashine isingekubali kuandika, ungeniacha."

"Ndiyo," Hui-ju alisema.

Chini yao lango la kwanza lilikuwa wazi lote. La pili lilikuwa linapanda. Maji yalitoka kwa kishindo kilichotikisa uzio.

Redio ilinguruma. Watan alikuwa amesahau kidole chake kwenye kitufe. Hakuwa anaongea naye. Alikuwa kwenye simu, kwa lugha ya nyumbani kwake, Kiatayal, ambayo Hui-ju hakuijua. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya baba anayemwambia mtoto afunge dirisha la nyuma, mto utajaa lakini utabaki ndani ya kingo zake. Halafu akanyamaza, na kupitia ile simu, na kupitia ile redio, kwa mbali sana, kitoto kichanga kikalia.

Tseng alisikia pia. Aligeuza uso.

Helikopta haikuweza kuruka hadi saa kumi na moja, upepo ulipopungua. Kuan alishuka wa kwanza, viatu vyake vyeusi vikizama matopeni, akamtazama Tseng aliyefungwa kwenye nguzo, akaitazama nafasi tupu lilipokuwa lori.

"Kazi safi, Nyenje. Amesema chochote?"

"Amenipa majina mawili ya wanunuzi. Anayo na mengine. Kuna bodi nyingine nne, mahali pa kuzipata ameandika mwenyewe." Alimpa kompyuta ya Tseng, imefungwa kwenye koti.

"Niliagiza yeye kwanza. Malango baadaye."

"Nilikusikia, mkuu."

Kuan aliibana kompyuta kwapani.

"Daktari yuko kwenye helikopta," alisema. "Unakwenda wapi?"

Hui-ju alikuwa ameshafika ngazi ya kwanza, mkono kifuani, helmeti yenye tundu imening'inia kwenye kiwiko.

"Mzee Watan anachemsha tambi za mchele," alisema. "Sijala tangu jana."

Akashuka.